Swichi Iwe Mkononi mwa Mwenye Nyumba: Teknolojia ya Nyumbani kwa Watu Wenye Ulemavu Kitui na Makueni

Mchana, watu wengi wenye ulemavu katika vijiji vya Kitui na Makueni hujifanyia mengi. Jua likizama mambo hubadilika. Anayetumia kiti cha magurudumu haioni njia ya kwenda chooni, kwa hivyo hangoji giza, huacha kunywa maji tangu saa kumi. Kiziwi aliye peke yake nyumbani hajui kwamba kuna mtu anabisha. Aliyelala kitandani kwa sababu ya jeraha la uti wa mgongo husubiri jirani apite ndipo aite. Maswali matatu hupima kujitegemea kwa mtu saa hizo: nani anawasha taa, nani anajua kuna nini mlangoni, na nani anaita msaada?

Somo la toleo hili linahusu vifaa vinavyoweza kujibu maswali hayo. Mijini vifaa hivyo huuzwa kwa jina la nyumba janja, yaani nyumba ambayo taa, kengele, kufuli, feni na vyombo vingine huendeshwa kwa simu, kwa sauti, au hujiendesha vyenyewe kwa kutumia vihisi. Matangazo yake huonyesha jumba la ghorofa na kijana anayeamuru pazia lifunguke. Picha hiyo imewafanya wakaazi wengi kudhani kwamba jambo lenyewe haliwahusu. Linawahusu, na tangu mwanzo liliwahusu watu wenye ulemavu kuliko mtu mwingine yeyote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali ya Stoke Mandeville nchini Uingereza, wagonjwa waliopooza mikono na miguu walikuwa hawana namna rahisi ya kumwita muuguzi. Mtu aliyekuwa akiwatembelea wagonjwa, Reg Maling, alishiriki kuunda mtambo ulioendeshwa kwa mdomo. Mgonjwa alivuta au kupuliza pumzi kwenye mrija, na pumzi hiyo ikabonyeza swichi. Kwa njia hiyo aliweza kupiga kengele, kuwasha taa au redio, na baadaye hata kupiga taipu. Mtambo huo uliitwa Possum, neno ambalo kwa Kilatini lina maana ya "naweza". Hakukuwa na intaneti wala simu ya mkononi. Kulikuwa na swichi iliyowekwa mahali ambapo mwenye kuihitaji aliifikia.

Mkaazi anayefikiria kununua kifaa chochote aanzie hapo. Je, kitamwezesha mwenyewe kuamua, au kitamfanya amtegemee mtu mwingine kwa njia mpya?

Pima nyumba kabla ya kununua kifaa

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu nchini miongoni mwa walio na umri wa miaka 5 na zaidi, sawa na asilimia 2.2. Makueni ilikuwa miongoni mwa kaunti zenye kiwango cha juu zaidi, takriban asilimia 4. Aina ya ulemavu iliyotajwa zaidi nchini ni ile ya kutembea. Kwa hivyo katika nyumba nyingi kazi ya kwanza ni ya fundi wa mawe na seremala, na fundi wa umeme atasubiri.

Taa inayojiwasha haimsaidii mtu ambaye kiti chake hakipiti mlangoni. Viti vingi vya magurudumu vina upana wa kati ya sentimita 60 na 70, na mikono inayosukuma magurudumu inahitaji nafasi zaidi. Mlango uache uwazi wa sentimita 80 angalau; 90 ni bora. Milango ya vyoo vya shimo kwa kawaida ni myembamba kuliko hiyo, na mingi hufunguka kwa ndani. Mlango wa choo ufunguke kwa nje, kwa sababu mtu akianguka ndani mwili wake huziba mlango na anayekuja kumsaidia hawezi kuingia. Kubadilisha bawaba ni kazi ndogo sana kwa seremala.

Njia ya mteremko ndiyo hukosewa zaidi. Watu hujenga mteremko mkali ili kuokoa saruji, kisha kiti kinapinduka kwa nyuma. Kipimo kinachotumika kwa wingi duniani ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo. Baraza la nyumba lililoinuka sentimita 30 kutoka chini linahitaji mteremko wa mita 3 na sentimita 60. Ni ndefu, ndiyo. Uwanja ukiwa mdogo, njia inaweza kukunjwa katikati, mradi pale kwenye kona pawe tambarare na pana vya kutosha kiti kugeuka, takriban mita moja na nusu kila upande. Kingo za njia ziinuliwe kidogo ili gurudumu lisiteleze nje, na uso wa saruji ukwaruzwe kwa ufagio kabla haujakauka ili mvua ya Novemba isiugeuze utelezi. Kazi kama hii huweza kumalizwa kwa siku moja na watu wa mwethya, jinsi ambavyo vikundi vya Ukambani vimekuwa vikichimba matuta na kujenga mabwawa ya mchanga kwa miaka mingi.

Kwa asiyeona, kamba iliyofungwa kutoka mlango wa nyumba hadi choo na hadi tangi la maji, kwenye kimo cha kiuno, ni kifaa kizuri kisicho na betri. Kwa anayeona kwa shida, paka rangi ya manjano au nyeupe kwenye ukingo wa kila ngazi. Swichi za taa zishushwe hadi kati ya sentimita 80 na 110 kutoka sakafuni, ambapo mtu aliyeketi anazifikia. Mafundi wengi wamezoea kuziweka juu ya hapo kwa sababu hakuna anayewaambia vinginevyo.

Neno moja kuhusu kiti chenyewe. Kiti cha aina ya hospitali, chenye vigurudumu vidogo vya mbele, kimeundwa kwa sakafu laini. Kwenye mchanga wa Ikutha au njia za mawe za Mbooni vigurudumu hivyo huzama au hukwama, na mtu hurushwa mbele. Vipo viti vilivyobuniwa kwa ardhi ngumu, vyenye magurudumu mapana ya mbele au gurudumu moja la mbele lililosogezwa mbali, na vinavyotumia matairi yanayopatikana katika duka la baiskeli. Mmoja wa waliovibuni, Mmarekani Ralf Hotchkiss, mwenyewe hutumia kiti cha magurudumu. Humu nchini, shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka 1958, ni mojawapo ya mashirika yanayotengeneza na kurekebisha viti. Unapoomba kiti, taja ardhi ya kwenu. Kiti kisichofaa huishia chini ya mwembe kikiwa kiota cha kuku.

Taa na kengele

Nyumba nyingi katika kaunti hizi mbili hutumia umeme wa jua, na hata zilizounganishwa na Kenya Power hupotelewa na stima mara kwa mara. Vifaa vingi vya nyumba janja vinavyotangazwa vinahitaji Wi-Fi isiyokatika na umeme usiozimika. Vikikosa kimojawapo, taa inayosubiri amri ya simu huwa kitu kisicho na kazi ukutani. Kwa sababu hiyo vifaa vinavyofaa zaidi hapa ni vile vyenye betri yake, visivyohitaji intaneti, na vyenye swichi ya kawaida ya kubonyeza iwapo ujanja wote utagoma.

Kilicho rahisi kupatikana ni taa ya sola yenye kihisi cha mwendo. Huuzwa katika maduka ya umeme Kitui mjini, Mwingi, Wote, Emali na Makindu. Ina paneli ndogo juu, betri ndani, na jicho linalotambua joto la mwili linaposogea mbele yake. Mtu akipita inawaka, akishaondoka inazima baada ya muda mfupi, hivyo betri hudumu usiku kucha. Tatu kati ya taa hizo, moja mlangoni, moja katikati ya njia na moja chooni, humrudishia mtu uhuru wa kunywa maji jioni. Ziwekwe kimo cha mita mbili hivi na zielekezwe kwenye njia, si kwenye boma la mbuzi, la sivyo zitawaka na kuzima hadi betri iishe kabla ya saa nane usiku. Paneli ipanguswe vumbi kila wiki wakati wa kiangazi. Ndani ya nyumba, taa ya kuchajiwa yenye rimoti humfaa anayekaa kitandani au asiyeweza kusimama haraka. Rimoti ifungwe kwa uzi kwenye kitanda isianguke.

Kifaa cha pili ni kengele ya mlangoni isiyo na waya, nayo hutumiwa kinyume na ilivyokusudiwa. Kitufe hakiwekwi mlangoni. Anapewa mtu aliyelala kitandani, na kengele yenyewe huwekwa katika nyumba ya pili ya boma au kwa jirani. Akihitaji kugeuzwa, kupewa maji au akipatwa na dharura, anabonyeza. Boksi litaandika kwamba kengele husikika kutoka mbali sana; umbali huo ni wa uwanja wazi. Ukuta wa matofali na mabati hupunguza nguvu yake, kwa hivyo ijaribiwe ikiwa bado ina risiti. Betri ya kitufe ijaribiwe siku moja maalumu kila mwezi. Kwa anayeshindwa kutumia vidole, kitufe kinaweza kubandikwa kwenye kibao kipana kinachobonyezwa kwa kiwiko, kidevu au mguu. Wagonjwa wa Stoke Mandeville walitumia pumzi. Palipo na kiungo kimoja kinachotii, swichi ina pa kukaa.

Kwa viziwi zipo kengele ambazo huwasha taa ya kumweka badala ya kulia, na saa za mezani zenye kisahani kinachotetemeka chini ya mto. Zikikosekana, simu inaweza kufanya sehemu ya kazi hiyo.

Simu iliyo mfukoni

Anayetafuta kifaa cha kwanza cha nyumba janja huenda tayari anacho. Simu ya Android huja na vifaa vya ufikivu ndani yake bila malipo ya ziada. Tatizo ni kwamba wengi hawajaambiwa vipo. Fungua Mipangilio, kisha tafuta sehemu ya ufikivu.

TalkBack ni programu inayosoma kwa sauti kila kitu kinachoguswa kwenye kioo. Ikishawashwa, namna ya kutumia simu hubadilika. Kugusa mara moja kunataja jina la kitu, kugusa mara mbili kwa haraka kunakifungua, na kusogeza ukurasa kunafanywa kwa vidole viwili. Mtu anayeona akiiwasha kwa bahati hudhani simu imeharibika. Kwa asiyeona, siku tatu nne za mazoezi hutosha kuanza kupiga simu na kusoma ujumbe peke yake. Katika simu nyingi huzimwa na kuwashwa kwa kushikilia vitufe vyote viwili vya sauti kwa sekunde chache.

Faida kubwa ya jambo hili ni ya kifedha. Tangu M-PESA ianze mwaka 2007, pesa za familia nyingi hupitia simu. Asiyeona ambaye simu yake haizungumzi humkabidhi mtu mwingine simu pamoja na nambari ya siri. Mara nyingi mtu huyo ni mwana au mjukuu mwema anayesema, "Mwaitu, lete hapa nikutolee hizo pesa." Mara nyingine si mwema. Hata akiwa mwema, mama huyo hana siri ya senti yake hata moja: amempa nani, ameweka kiasi gani, amebakiwa na nini. Wazee na watu wenye ulemavu mkubwa wanaopokea shilingi 2,000 kwa mwezi katika mpango wa Inua Jamii wako katika hatari hiyo hiyo pale wanapotegemea mtu wa kuwachukulia na kuwahesabia. Simu inayosoma ujumbe kwa sauti humwezesha mwenye pesa kujua salio lake mwenyewe. Avae kisikizi sikioni anaposhughulikia pesa, ili duka zima lisisikie.

Kwa kiziwi, programu ya Live Transcribe ya kampuni ya Google huandika kwenye kioo maneno yanayosemwa mbele ya simu, Kiswahili kikiwemo. Hukosea majina na huchanganyikiwa penye kelele, lakini kwenye kaunta ya dawa au ofisi ya chifu husaidia pale ambapo hakuna mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya. Haichukui nafasi ya mkalimani. Hospitalini na mahakamani mkalimani aombwe. Programu hiyo hiyo ina kipengele cha kutambua sauti kama mlango unaobishwa au mtoto anayelia, kisha simu ikatetemeka. Mama kiziwi mwenye mtoto mchanga anajua thamani yake.

Anayeshindwa kushika simu anaweza kuiamuru kwa sauti, na hapa wakaazi waelezwe ukweli. Kuandika kwa kutamka kwa Kiswahili kumekuwepo kwenye simu za Android tangu 2017, lakini amri za sauti za vifaa vya nyumbani hufanya kazi vyema zaidi kwa Kiingereza. Bibi wa Zombe anayezungumza Kikamba pekee hatasikilizwa na spika iliyonunuliwa Nairobi, hata iwe ya bei gani. Kitufe kina lugha zote.

Wenye kabambe nao hawajaachwa. Katika simu nyingi za aina hiyo, nambari ya mtu wa karibu huwekwa kwenye kitufe kimoja, kwa mfano 2, kisha kukibonyeza kwa muda huipiga. Kitufe hicho kinaweza kubandikwa tone la gundi ngumu ili kidole kikitambue gizani.

Somo kutoka pampu za Kyuso

Kitui ina mfano wake wa teknolojia ya vihisi, na ulianza kwenye maji. Mwaka 2013, katika eneo la Kyuso, Mwingi Kaskazini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walijaribu kifaa kidogo kilichowekwa ndani ya mpini wa pampu ya mkono. Kilihisi mpini unavyopanda na kushuka, kikakadiria maji yanayotolewa, kisha kikatuma taarifa kwa mtandao wa kawaida wa simu. Pampu ikinyamaza, ofisi ilijua. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa jaribio wastani huo ulishuka hadi chini ya siku 3.

Wengi hukumbuka kihisi na kusahau nusu ya pili. Kihisi hakikutengeneza pampu hata moja. Palikuwa na fundi mwenye pikipiki na vipuri, na mtu aliyemlipa. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa shirika la matengenezo, FundiFix, ambalo shughuli yake ni kuhakikisha maji yanarudi.

Kwa mtu mwenye ulemavu siku 27 na siku 3 ni tofauti kubwa zaidi kuliko kwa jirani yake. Pampu ya karibu ikifa, jirani huongeza mwendo na kwenda ya pili. Anayetembea kwa magongo hawezi. Hununua maji kwa mkokoteni au husubiri kugawiwa. Ndivyo ilivyo kwa kila kifaa kilichotajwa katika somo hili. Taa ya chooni ikizima, wengine hutumia tochi ya simu na kusahau. Mmoja hurudi kwenye maisha ya kutokunywa maji tangu saa kumi.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, uliza dukani: betri hii hubadilishwa au kifaa hutupwa? Ni nani katika soko letu anayeweza kukifungua? Kifaa cha bei ya chini ambacho fundi wa redio wa Kathonzweni anakijua ni bora kuliko cha bei kubwa ambacho lazima kirudishwe Nairobi. Shule na vikundi vya kujisaidia vingefanya vyema kumchagua kijana mmoja aliyesomea umeme katika chuo cha ufundi cha wadi yao, ajifunze vifaa hivi na alipwe kwa kazi yake. Misaada mingi ya vifaa imekufa kwa kukosa mtu huyo.

Nani anamtazama nani

Vifaa vya nyumba janja vina upande ambao haupendezi kuusema. Kamera inayomsaidia mwana aliye Mombasa kumwona baba yake aliyepooza kijijini ni kamera hiyo hiyo inayomwonyesha baba akibadilishwa nguo. Kufuli ya simu inaweza kumfungulia mtu mlango, na inaweza kumfungia ndani. Kuna familia ambazo kwa upendo kabisa huweka kifaa bila kumuuliza anayetazamwa, kwa kuwa "ni kwa faida yake".

Mwaka 1972 mjini Berkeley, Marekani, Ed Roberts, aliyepooza kwa polio akiwa na miaka 14 na aliyelala usiku ndani ya mashine ya kumsaidia kupumua, alikuwa miongoni mwa walioanzisha kituo cha kwanza cha kuishi kwa kujitegemea kilichoongozwa na watu wenye ulemavu wenyewe. Roberts hakuweza kuvaa shati bila msaada. Kujitegemea kwake kulikuwa kuamua ni shati gani, saa ngapi, na nani wa kumvalisha. Katika boma la Kikamba ambalo watu huishi wengi pamoja, maana hiyo inafaa kuliko ile ya mtu kuishi peke yake na mashine zake.

Sheria iko upande wa anayetazamwa. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya kila mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahusu pia picha na sauti. Katika familia utaratibu ni rahisi: mwenye kutumia kifaa akubali kwanza, ajue kinarekodi nini na nani anaona, na awe na njia ya kukizima mwenyewe. Chumba cha kulala na bafu visiwe na kamera. Kengele ya kitufe hufanya kazi nyingi za kamera bila kumvua mtu heshima.

Vifaa hupatikanaje

Ripoti ya mwaka 2022 ya Shirika la Afya Duniani na UNICEF ilisema zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja saidizi, miwani ikiwemo, na karibu bilioni moja hawakipati. Nchini Kenya kupata vifaa ni haki. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia nyenzo na vifaa vya kumwezesha kushinda vikwazo vinavyotokana na ulemavu wake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003.

Mlango wa huduma nyingi ni usajili katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lina afisi katika kila kaunti. Hatua ya kwanza ni kupimwa ulemavu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, ambapo kamati ya wahudumu wa afya hutoa ripoti. Ripoti ndiyo hutumiwa kusajiliwa na kupata kadi, na kwa sasa sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika kupitia eCitizen. Asiyejua mtandao aombe msaada katika Huduma Centre ya Kitui au Wote. Uliza siku za kamati kabla ya kusafiri. Kutoka Tseikuru au Mtito Andei safari ya bure ni gharama kubwa, hasa kwa anayelazimika kukodi gari zima kwa sababu matatu haikubali kiti chake.

Aliyesajiliwa anaweza kuomba vifaa saidizi kupitia hazina inayosimamiwa na Baraza hilo: viti vya magurudumu, magongo, fimbo nyeupe, vifaa vya kusaidia kusikia na vinginevyo. Mwenye mshahara au biashara anaweza kuomba msamaha wa kodi ya mapato kwa shilingi 150,000 za kwanza kila mwezi. Vifaa vilivyoundwa mahsusi kwa watu wenye ulemavu husamehewa ushuru vinapoingizwa nchini. Taa ya kawaida au kengele ya duka isitarajiwe kuhesabiwa humo, ijapokuwa ndiyo itakayotumika zaidi.

Katika ombi, andika kazi unayotaka kufanya pamoja na jina la kifaa. "Nataka kufika chooni usiku bila kubebwa" humwelekeza afisa kwenye kiti kinachofaa, njia ya mteremko na taa. "Naomba kiti" huleta kiti chochote kilichopo stoo.

Watoto wana njia yao. Vituo vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vinavyojulikana kama EARC, viko chini ya Wizara ya Elimu, na huduma hiyo ilianza nchini mwaka 1984. Mzazi hahitaji kungoja mtoto afikie umri wa shule. Mtoto asiyegeuka akiitwa, au anayesogeza kila kitu karibu na macho, apelekwe mapema, na akipewa kifaa cha kusaidia kusikia mzazi aulize siku hiyo hiyo betri zake ni za nambari gani na duka la karibu linalouza.